Pipa Lililopinda Jioni ya Ijumaa

Kwa miaka minane niliamini kwa moyo wangu wote kwamba Mungu mwenyewe alishuka Kisii jioni moja ya Ijumaa, akalishika pipa la kiwanda chetu kwa mikono miwili na kulipinda kama mtu anavyopinda muwa, kwa sababu tulikuwa tumeliendesha hadi kwenye ukingo wa Sabato.

Sikuamini nusu nusu. Niliamini na nikaeneza. Habari ilitoka kiwandani, upande wa Tabaka, Jumapili asubuhi, ikafika Ekerenyo kabla ya saa nne ya Jumatatu, na huko si karibu, na hakuna basi lililoibeba. Ilipofika Ekerenyo, pipa lilikuwa limejikunja mara mbili kama mkeka, moshi wake ulikuwa umeandika maneno hewani, na mtu aliyekuwa akilizungusha alikuwa amebaki na mkono mmoja. Mimi nilikuwa nimeiona mikono yake yote miwili asubuhi ile ile. Bado nilipoulizwa nilijibu, "Habari ya mkono sina hakika nayo, lakini hayo mengine ni kweli."

Leo nikikumbuka, hasira inanipanda kutoka vidole vya miguu. Namkasirikia meneja kwanza. Kisha najikasirikia mimi, ingawa kila nikianza kujikasirikia najikuta nimerudi kwa meneja, maana yeye anakasirisha vizuri zaidi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya sitini. Kiwanda chenyewe kilikuwa mabati, tanuri, pipa, kinu na ghala, basi. Wachongaji wa Tabaka walichonga bakuli na vinyago kwa mawe laini yanayoitwa mawe ya sabuni, na vipande vilivyovunjika walivitupa kando ya mashimo kama maganda ya ndizi. Tajiri mmoja akagundua kwamba vipande hivyo vikisagwa vinatoa unga laini kama poda ya mtoto, na kwamba watengenezaji wa dawa ya wadudu wanautaka unga huo wachanganyie dawa yao. Shida ilikuwa maji. Jiwe lenye unyevu halisagiki. Linageuka uji na kuziba kinu. Na kwetu mvua inanyesha kila siku saa nane mchana, utadhani imeajiriwa. Kwa hiyo vipande vilipondwa kwanza vikawa kokoto ndogo kama punje za mahindi, na kokoto zikapelekwa kwenye pipa zikaushwe.

Usifikirie pipa la maji. Hili lilikuwa bomba la chuma refu kuliko nyumba ya mwalimu mkuu, na pana kiasi kwamba ng'ombe wawili wangepita ndani bega kwa bega. (Ng'ombe mmoja, basi. Lakini mnono.) Lilikuwa limelazwa, tena limelazwa kwa kuinama: upande wa tanuri juu kidogo, upande wa kutokea chini kidogo. Lilivikwa pete mbili nene za chuma, na pete hizo zilikalia magurudumu madogo ya chuma, ili pipa zima lizunguke polepole bila kwenda popote. Kiunoni lilikuwa na mshipi wa meno. Injini ya dizeli ilivuta mkanda, mkanda ukazungusha gia ndogo, gia ndogo ikauma meno ya mshipi, na lile dubwana likageuka kama mgonjwa kitandani, mchana kutwa, usiku kucha.

Ndani, kwenye ukuta wake, kulikuwa na vibao vya chuma vilivyopangwa kwa mistari. Pipa likizunguka, vibao vilichota kokoto kutoka chini, vikazipandisha, na zilipokaribia juu zikamwagika kama mvua. Moto wenyewe haukuzigusa. Feni kubwa kwenye upande wa chini ilivuta hewa ya moto kutoka tanurini, ikaipitisha katikati ya mvua ile ya mawe. Kila kokoto ilianguka ndani ya hewa ya moto, ikachotwa, ikaanguka tena, na kwa kuwa pipa limeinama, kila ikianguka ilitua mbele kidogo ya pale ilipotoka. Hivyo ndivyo ilivyosafiri, bila mtu kuisukuma. Iliingia imelowa, na baada ya muda wa kunywa vikombe viwili vya chai ikatoka upande wa pili kavu, ya moto, ikilia kama punje za wimbi kwenye ungo. Mvuke na vumbi vilienda na feni.

Ukimwaga kokoto nyingi mno, vibao vinalemewa, mvua inageuka kuwa rundo linalobiringika, na hewa ya moto inapita juu ya rundo bila kulisalimia. Ukimwaga chache mno, unachoma kuni bure. Yote hayo nilifundishwa na mtu wa moto, yaani aliyekuwa akichochea tanuri. Mimi nilikuwa mtu wa injini. Kazi yangu ilikuwa kuiwasha, kuilisha dizeli na kuizima, na nilijiona kama rubani wa ndege.

Mtu wa moto alikuwa amenizidi kama miaka kumi na mitano. Alitoka Kenyenya, ambako shamba la baba yake lilikuwa limegawanywa kwa ndugu wengi hadi kipande chake, alivyosema mwenyewe, kilikuwa cha kusimama tu, si cha kulala. "Hapa nikitoka," aliniambia siku moja, "narudi kuwa mgeni kwa ndugu zangu." Kazi ile ndiyo iliyokuwa shamba lake. Hakuichezea hata siku moja. Kokoto zilipotoka, alizichota kwa koleo na kuweka juu yake kioo chake cha kunyolea. Kioo kikipata ukungu, maji bado yamo. Kikibaki safi, zimekauka. Alinyoa kwa kioo hicho hicho, na kidevu chake kilikuwa na vumbi jeupe siku zote, kama mandazi yaliyoangushwa kwenye unga.

Yeye alikuwa Mkatoliki na mimi Msabato, na kwa hilo tulikuwa na burudani isiyoisha.

"Msabato," aliniita, "leo umekula nini, majani?"

"Nimekula chakula safi, Tata. Wewe na nguruwe wako mnaendeleaje?"

"Nguruwe anakusalimia. Ameuliza mbona humtembelei."

Tulimwita Tata kwa heshima, kama kwetu unavyomwita baba wa mtu yeyote. Nilipotaka kumchokoza nilimwita Mkatoliki, naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, maana upande mwingine ulikuwa na kijiti.

Sasa, Ijumaa. Pipa liliendeshwa mfululizo tangu Jumapili asubuhi, kwa zamu, na lilisimama mara moja tu kwa wiki, Ijumaa jioni, kwa kuwa karibu sote tulikuwa Wasabato. Lakini moto ulizimwa mapema, saa sita mchana. Kuanzia saa sita pipa lilizunguka tupu, halina kokoto wala moto, hadi jua linakaribia kuzama. Ndipo mtu wa moto aliponipa ishara, nami nikazima injini.

Kwa nini moto uzimwe saa sita? Meneja alitueleza mwenyewe, siku aliyonipa kazi, kidole gumba kikiwa kwenye mfuko wa kizibao chake. "Ni kwa heshima ya imani yenu," alisema. "Mnahitaji muda wa kujiandaa." Tulimshukuru. Wake zetu walimshukuru. Alipelekewa mayai, ndizi mbivu, na mara moja jogoo mwenye hasira. Aliyala yote, hata yule jogoo, na hakuna siku aliyosema neno la ziada. Nikiandika sentensi hii kalamu inataka kutoboa karatasi.

Na kulikuwa na jambo lingine la Ijumaa, lililoniudhi sana wakati ule. Kila baada ya muda, mchana ule wa pipa tupu, mtu wa moto alisogea, akaweka kiganja kwenye ubavu wa pipa, akatembea nalo hatua mbili tatu likizunguka, huku midomo yake ikicheza. Mara ya kwanza alikitoa mara moja. Baadaye alikaa nacho kidogo zaidi. Siku moja nikasogea nisikie. Alikuwa anasali Salamu Maria.

Nilichukizwa kwelikweli. Niliona ameleta ibada yake kwenye injini yangu.

"Tata, sasa unalibariki pipa?"

"Nalipima."

"Unapima nini kwa maombi? Chuma hakihitaji mtu wa kukiombea."

"Chuma hakihitaji," alisema. "Wewe ndiye unayehitaji, lakini ukiwekewa kiganja hutulii."

Wapakiaji wa magunia walicheka hadi mmoja akaketi chini. Nilijua kushindwa kwa maneno, na nilijua pia kuweka kinyongo. Hiki nilikiweka.

Ikaja Ijumaa yenyewe. Lori lilikuwa lije Jumapili alfajiri kuchukua unga, na magunia hayajatimia. Saa sita ilipofika, meneja alitoka ofisini akasema moto usizimwe.

"Sabato yenu inaanza jua likizama," alituambia. "Saa sita ilikuwa zawadi yangu, si amri ya Musa. Leo naomba mnirudishie zawadi."

Tulitazamana. Kwa kweli alikuwa sahihi kuhusu jua, na ni nani anayemkatalia mtu aliyekula mayai yake? Mtu wa moto peke yake ndiye aliyemfuata ofisini na kufunga mlango. Hatukusikia neno. Alitoka kijiti kikiwa kimevunjika mdomoni.

"Amesema hadi saa kumi na moja na nusu," aliniambia, akarudi tanurini.

Tulimwaga kokoto kama wendawazimu. Saa kumi na moja na nusu moto ukavutwa nje ya tanuri na kumwagiwa maji, pipa likabaki na rundo la kokoto tulizozidisha ndani, na jua, ambalo siku za kawaida linatembea kama mwenyekiti wa kamati, siku hiyo lilikimbia. Wapakiaji walinawa, wakaondoka. Tukabaki wawili. Mtu wa moto aliweka kiganja kwenye pipa, akakitoa kabla midomo haijafunguka.

Mimi nikaona ni ishara. Nilijiambia, hata sala yake imekataliwa.

Jua lilipogusa kilima nikaenda kwenye injini.

"Bado," alisema.

"Bado nini?"

"Lina moto. Usilizime."

"Jua halikusubiri wewe, Tata."

"Niachie injini iendelee. Nenda nyumbani, mimi nitabaki nayo. Mimi sina Sabato kesho."

"Injini ni yangu. Ikiendelea kwenye Sabato ni mimi ninayefanya kazi, hata nikiwa nyumbani nimenyoosha miguu."

"Kijana, nakuomba."

Hakuwahi kuniomba kitu. Ndiyo maana nilikishika vizuri kinyongo changu, nikakata dizeli. Injini ikakohoa, mkanda ukalegea, pipa likaenda robo mzunguko, likarudi kidogo, likatulia. Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kama kanisa.

Alikuwa ameshakimbilia kwenye mkono wa chuma. Pembeni ya gia kulikuwa na mkono mrefu wa kuzungushia pipa kwa nguvu za watu, na ulitengenezwa kwa watu wawili, kila mmoja na upande wake.

"Shika huku," alisema. "Nusu mzunguko, tunapumzika, nusu mzunguko tena. Hivyo tu."

"Hadi lini?"

"Hadi lipoe."

"Hiyo ni kazi au si kazi?"

Alinitazama. Angeweza kudanganya. "Ni kazi," alisema.

"Basi usiku mwema, Mkatoliki."

Nikaondoka. Nilikuwa na furaha, sitaficha. Nilitembea kama mtu aliyeshinda kesi. Nilipofika kwenye daraja la miti nilisikia nyuma yangu chuma kikilia, sauti moja ndefu ya chini, kama fahali anayeota ndoto mbaya. Nikaongeza mwendo, nikawaambia wa nyumbani kwamba nimemsikia Bwana akipita.

Jumapili asubuhi tulikuta tumbo la pipa limeshuka katikati kama la ng'ombe mwenye mimba ya miezi tisa. Nilipojaribu injini, pete moja ilinyanyuka kutoka kwenye magurudumu yake, ikaning'inia, kisha ikaanguka kwa kishindo kilichoangusha vumbi lote la paa. Nikazima. Mtu wa moto alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha ghala, viganja vyake vimechunika na kufungwa kwa kitambaa cha gunia. Alikuwa amezungusha peke yake hadi mikono ikakataa. Hakunitazama.

Jumatatu meneja aliita kikao ghalani, kati ya magunia. Alialika wazee wa jirani pia, ambao hawakuwahi kualikwa kwa lolote. Alisimama mbele yetu, kidole gumba mahali pake, akasema maneno ambayo bado nayasikia.

"Nimekuwa nikiheshimu Sabato ya watu hawa," alisema. "Ijumaa mtu mmoja alikataa kuacha kazi jua lilipozama. Amekutwa na alama mikononi. Alilishika pipa akiwa peke yake, bila ruhusa yangu, na limepinda. Mimi si mchungaji. Nyinyi wenyewe semeni ni nani aliyelipinda."

Hakusema Mungu. Hapo ndipo ninapomchukia kwa ustadi wake: hakusema. Aliacha tuseme sisi, na tukasema kwa pamoja, kama darasa linalotaja hesabu ya mara mbili. Mzee mmoja akavua kofia.

Mtu wa moto aliulizwa ana nini cha kusema.

"Nililizungusha lisipinde," alisema.

Ghala lilinyamaza. Nadhani kulikuwa na nafasi pale, ndogo kama ya mlango uliosahauliwa kufungwa, ya mtu kuuliza, ana maana gani? Meneja alikuwa ameanza kutazama viatu vyake. Mtu mmoja tu angeuliza, na aliyefaa kuuliza ni mimi, maana mimi ndiye niliyekuwepo.

Lakini mimi ni mtu wa mzaha. Nilizaliwa hivyo, na sikuwahi kuona kimya nikakiacha kipite. Nikasema, kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni:

"Kwa hiyo Tata ulilizungusha lisipinde, likapinda. Mbona hukulizungusha lipinde, labda lingenyooka?"

Sijawahi kupata kicheko kama kile, kabla wala baadaye. Magunia yalitikisika. Wazee walishikana mabega. Hata mtu wa moto alitabasamu kidogo, upande ule ule mmoja, kama mtu anayekiri kwamba mzaha umeundwa vizuri. Na kicheko kilipokwisha, kesi pia ilikuwa imekwisha. Aliambiwa akusanye vitu vyake. Vitu vyake vilikuwa kioo cha kunyolea na koti.

Hakupata kazi nyingine. Kiwanda cha chai kilisikia, wasagaji wa mahindi wakasikia. Nani amwajiri mtu ambaye Mungu amepinda chuma kwa ajili yake? Akarudi Kenyenya kuwa mgeni kwa ndugu zake. Nafasi yake tanurini nilipewa mimi, pamoja na injini. Nilinunua koti.

Wiki moja baadaye alikuja fundi Mhindi kutoka Kisumu, yule yule aliyelifunga pipa mwanzoni. Hakumuuliza mtu swali. Alifungua gia, akaligeuza pipa kwa winchi hadi lile tumbo likaelekea juu, akalifunga hapo lisitembee, akaniambia niwashe moto mdogo. Tukakaa. Pipa lilipata joto, na mbele ya macho yangu haya, polepole, lile tumbo likaanza kushuka lirudi mahali pake. Fundi alikuwa akipima kwa kamba. Lilipokaribia kunyooka alipiga kelele tuanze kuzungusha, na tukalizungusha kwa mkono, mimi na yeye, hadi lilipopoa.

Unaona? Niliona kila kitu. Nilishika mkono ule ule niliokataa kuushika. Na jioni nilikwenda nikaeleza watu kwamba Mungu amesamehe. Ningekuwa na fimbo ndefu ya kufika hadi miaka ile, ningejichapa.

Moto ukarudi kuzimwa saa sita Ijumaa. Mayai yakarudi kwa meneja.

Miaka ikaenda, tukaingia sabini na kitu. Nikaanza masomo ya jioni mjini Kisii, darasa la watu wazima, mimi na makonda na wauza nguo, magoti yetu hayaingii chini ya madawati. Nilitembea, nikapanda lori za ndizi, nikafika na matope hadi shingoni. Mwalimu wa Kiingereza alituambia tusome kila maandishi tutakayoyaona. Nikasoma. Nilisoma matairi, makopo ya mafuta, nguo za watu wakiwa wamezivaa. Nikisema nilisoma mji wote wa Kisii kuanzia sokoni hadi juu Nyanchwa, nimezidisha kidogo tu.

Siku moja niliitwa ofisini kwa meneja kupokea funguo za ghala, yeye akatoka mara moja kuongea na dereva. Koti lake halikuwa kwenye msumari wake nyuma ya mlango. Miaka yote hiyo koti lilikuwa limening'inia pale, na chini yake, kumbe, kulikuwa na karatasi iliyobandikwa, imepigwa taipu kwa Kiingereza, ya njano kwa uzee. Nikaisoma kama kazi ya nyumbani, neno kwa neno, kidole kikifuata. Ilisema kwamba baada ya moto kuzimwa pipa lizungushwe kwa masaa yasiyopungua matano. Ilisema kwamba pipa lisisimamishwe likiwa na moto kwa sababu yoyote. Ilisema injini ikifa, lizungushwe kwa mkono, na watu wawili.

Nikarudia kuisoma. Nilihesabu kwa vidole: saa sita mchana hadi karibu kuzama kwa jua. Heshima ya imani yetu.

Meneja aliporudi alinikuta bado nimesimama nyuma ya mlango. Akatazama karatasi, akanitazama, akatazama msumari usio na koti.

"Siku hizi unasoma," alisema.

"Nasoma, Bwana Meneja."

"Vizuri," alisema, akanipa funguo.

Niliziweka mezani kwake. Zililia kama kengele ya shule. Nilikuwa na matusi ya kujaza gunia, ya Ekegusii, ya Kiswahili, na mapya machache ya Kiingereza, na hakuna hata moja lililotoka. Hilo nalo linanikasirisha hadi leo.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kenyenya. Nilimkuta nyuma ya nyumba ya ndugu yake, nywele zimekuwa nyeupe, safari hii si kwa vumbi. Alikuwa ameanika wimbi kwenye mkeka, anaugeuza kwa unyayo, mstari baada ya mstari, polepole.

"Msabato," alisema. "Umenenepa. Ni majani gani hayo?"

Sikuweza kucheka. Nilimweleza karatasi, koti, msumari. Aliendelea kugeuza wimbi.

"Ulijua iko pale?"

"Fundi aliibandika mimi nimeshika gundi. Akanieleza kwa Kiswahili chake."

"Na ile Ijumaa, ulipoingia ofisini?"

"Nilimkumbusha. Akasema kulizungusha kwa saa moja kunatosha."

"Salamu Maria je? Ulikuwa unaomba nini?"

"Sikuwa na saa ya mkononi," alisema. "Kiganja kikivumilia Salamu Maria moja mwanzo hadi mwisho, pipa limepoa, unaweza kulizima. Wewe ndiye mtu wa injini. Nilidhani unajua."

Nikakaa chini kwenye majani. Na bado, baada ya yote niliyoyasoma kwa kidole changu mwenyewe, miaka minane ilikuwa imekaa ndani yangu sana, nikajisikia nikiuliza: "Kwa hiyo Tata, si Mungu?"

Aliacha kugeuza. Akasogea kivuli chake kisiangukie wimbi, akaniambia bila hasira, kama alivyokuwa akinifundisha habari za vibao na feni.

"Chuma kikiwa moto kinalegea. Kikizunguka, uzito unahama, kila upande unaubeba kwa zamu. Kikisimama, uzito wote na zile kokoto za moto vinakaa chini, na chini kunashuka. Mungu hakupinda kitu. Lilipinda kwa sababu ulilizima likiwa moto."